Hadubini ya R & J Beck niliyoinunua Ndia Kuu: bado inafanya kazi

Kama unatafuta kitu cha shaba cha kuweka kwenye kabati la sebule, hadubini hii haikufai. Ina baka jeusi kwenye mguu, kioo chake cha kuakisi mwanga kimebabuka, na vitu vinavyong'aa kuliko hiki vimejaa Mji wa Kale wa Mombasa kwa bei ya chini. Lakini kama unataka chombo cha zaidi ya miaka mia moja ambacho leo hii ukikielekeza dirishani kitakuonyesha seli za damu moja moja, soma mpaka mwisho. Mimi nimekipenda, na sababu zangu nitazitaja zote pamoja na kasoro zake.

Kazi yangu ni maabara. Nasoma slaidi za malaria, yaani vipande vya kioo vilivyopakwa damu, katika zahanati moja upande wa Changamwe, asubuhi hadi jioni, kwa hivyo hadubini si pambo kwangu. Naijua hadubini nzuri kwa mkono kabla ya jicho: ukizungusha gurudumu la kurekebishia, taswira iende pale unapoipeleka na ikae hapo. Hicho ndicho kipimo nilichokwenda nacho dukani.

Duka lenyewe liko Ndia Kuu, si mbali na Fort Jesus. Linauza milango ya nakshi, makasha ya Lamu, madele ya kahawa, saa za ukutani na gramafoni mbili tatu. Mwenyewe ni mzee ambaye kila mtu pale humwita ami, nami nikamwita hivyo hivyo. Nilipomsalimu shikamoo na kumwambia nafanya kazi maabara, alitoa kiti akakiweka barazani, akaniletea sanduku la mahogani akasema, "Basi wewe ndiye utakayeniambia kama hii ni mzima, mwanangu. Mimi naijua shaba, kioo sikijui." Aliniacha nayo kwa muda mrefu bila kunihimiza. Nilimuuliza imetoka wapi, akajibu kwamba aliikuta katika vitu vya nyumba iliyokuwa ikihamwa, na hakuongeza neno. Nalitaja hili kwa sababu wauzaji wengi wa vitu vya kale wangekupa hadithi ya daktari wa reli au nahodha wa meli, na bei ingepanda kwa kila sentensi. Alitaka shilingi 40,000, nikalipa 27,500 na sanduku ndani yake.

Sasa chombo chenyewe. Ni hadubini ya jicho moja, ya daraja la wanafunzi na madaktari vijana wa enzi ya Malkia Victoria, si ile mikubwa ya macho mawili waliyonunua matajiri. Mguu una vidole vitatu. Kiwiliwili kinalala nyuma kwenye bawaba ili usome ukiwa umeketi, shingo isikuume. Kwenye mguu pameandikwa kwa herufi za mlazo zilizochongwa kwa mkono: R & J Beck, 31 Cornhill, London, na nambari yake. Ndani ya sanduku kuna lenzi mbili za chini, zile zinazoelekea slaidi, kila moja kwenye kikopo chake cha shaba chenye kifuniko cha kuzungusha. Moja ni ya inchi 1, nyingine ya robo inchi. Waingereza wa wakati ule hawakuandika lenzi inakuza mara ngapi, waliandika umbali wa fokasi, yaani kutoka lenzi hadi pale miale inapokutana. Hesabu yake ni nyepesi: mrija wao ulikuwa wa inchi 10, kwa hivyo lenzi ya inchi 1 hukuza takriban mara 10 na ya robo inchi takriban mara 40, kisha unazidisha kwa lenzi ya jicho.

Jina hilo la Beck ndilo lililonifanya nisitoke pale mikono mitupu, na inafaa nieleze kwa nini.

Mwanzoni mwa karne ya 19 hadubini ilikuwa chombo cha kutilia shaka. Lenzi za wakati ule zilizungushia kila kitu ukingo wa rangi, nyekundu upande mmoja na buluu upande mwingine, na miale iliyopita pembezoni mwa kioo haikukutana mahali pamoja na ile ya katikati. Ukiongeza ukuzaji, unaongeza ukungu. Wanasayansi wa heshima walitangaza kwamba nyama, neva na ngozi zote zimeundwa kwa vidonge vidogo vya mviringo, kumbe vingi vya vidonge hivyo vilizaliwa na lenzi mbovu. Aliyekuja kulitatua jambo hili hakuwa profesa. Alikuwa Joseph Jackson Lister, mfanyabiashara wa mvinyo wa London, mtu wa madhehebu ya Quaker, aliyefanya optiki, elimu ya mwanga na lenzi, baada ya saa za kazi. Mwaka 1826 alichora hadubini aliyoitaka. Lenzi zikatoka karakana ya William Tulley, na kiwiliwili kikatengenezwa na fundi mmoja wa pale aitwaye James Smith. Kumbuka jina la Smith.

Mwaka 1830 Lister alichapisha katika jarida la Royal Society, jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza, kanuni aliyoigundua. Ilikwisha julikana kwamba ukiunganisha vioo vya aina mbili, krauni na flinti, unaondoa ukingo wa rangi. Alichokiona Lister ni kwamba kila jozi ya vioo vya namna hiyo ina sehemu mbili ambapo miale yote hukutana vizuri, na ukizipanga jozi zako kwa umbali unaofuata sehemu hizo, kosa la jozi moja linafutwa na jozi inayofuata. Kabla yake mafundi walipachika jozi juu ya jozi kwa kubahatisha. Baada yake lenzi ya hadubini ikawa kitu cha kukokotolewa kwa hesabu. Kila lenzi ninayoigusa kazini imepita katika mlango ule.

Smith akafungua karakana yake mwenyewe mwishoni mwa miaka ya 1830, na Lister akamfundisha namna ya kusaga lenzi kwa kanuni ile. Mwaka 1839 watu 17 walikutana London kuanzisha chama cha hadubini, Lister akiwa miongoni mwao, na muda mfupi baadaye chama kikaagiza hadubini kwa mafundi watatu waliohesabiwa kuwa bora mjini: Ross, Powell na Smith. Kisha Lister akamleta kwa Smith mpwa wake, Richard Beck, ajifunze kazi. Mwaka 1847 Richard akawa mshirika, kampuni ikaitwa Smith & Beck. Mdogo wake Joseph akajiunga miaka kumi baadaye, ikawa Smith, Beck & Beck. Katikati ya miaka ya 1860 mzee Smith akastaafu, na jina likabaki la ndugu wawili, R & J, ingawa Richard mwenyewe alifariki mwaka 1866, bado kijana. Ndiyo maana maandishi ya mguuni yana maana kwa mnunuzi. Jina la kampuni na anwani vinakupa umri: penye R & J Beck pasipo na Smith, hadubini haiwezi kuwa ya kabla ya wakati huo.

Na kuna jambo moja la familia hii linalonigusa kama mtu wa afya. Joseph Jackson Lister alikuwa na mtoto wa kiume, naye Joseph, binamu wa hawa akina Beck. Alikulia nyumba yenye hadubini. Huyo ndiye daktari wa upasuaji aliyechapisha mwaka 1867 namna ya kutumia asidi ya kaboliki kuzuia vidonda visioze. Kila ninapomwona muuguzi anasafisha jeraha namkumbuka baba aliyeuza mvinyo mchana na kusaga vioo usiku.

Nilipoifikisha nyumbani Tudor, jambo la kwanza nililofanya ni kurudia kazi ya mjomba wa akina Beck. Mwaka 1827 Lister na daktari Thomas Hodgkin waliangalia damu kwa hadubini mpya na kuandika walichokiona: kwamba seli nyekundu ya binadamu si kidonge cha duara bali ni kisahani, kimebonyea pande zote mbili, chenye upana wa kama sehemu moja ya inchi iliyogawanywa mara 3,000. Leo tunasema maikromita 7 hadi 8, na kipimo chao kinakaribia hapo kwa namna ya kushangaza. Nikajichoma kidole, nikachanganya tone na maji ya chumvi ya dripu, nikaweka kioo chembamba cha kufunikia. Sikutia Giemsa wala rangi yoyote.

Kwa lenzi ya inchi 1 niliona vumbi la waridi likitiririka. Nikabadilisha, nikaweka ya robo inchi, nikageuza kioo cha kuakisi mpaka nikapata wingu jeupe lililokuwa juu ya mlango wa bahari. Hapo visahani vikajitokeza. Vilivyolala bapa vilikuwa na katikati hafifu. Vilivyosimama wima vilionyesha kiuno chembamba. Pale tone lilipokuwa zito, vilijipanga ubavu kwa ubavu kama thumni mkononi mwa mwenye duka anayehesabu mauzo, na mpangilio huo pia Lister na Hodgkin waliueleza. Ninaziona seli hizi kila siku ya kazi, zikiwa zimekaushwa na kupakwa rangi, na ninazitazama kutafuta vimelea tu. Sikumbuki mara ya mwisho kuzitazama zikiwa hai zinajigeuza. Daktari Mfaransa Laveran alipogundua kimelea cha malaria kule Constantine, Algeria, mwaka 1880, ilikuwa katika damu mbichi ya namna hii, isiyotiwa rangi. Kwa mara ya kwanza nilielewa ugumu wa kazi yake.

Je, inaweza kusoma malaria? Hapana, na asikudanganye mtu. Haina kondensa, lenzi ya kukusanya mwanga, chini ya meza ya slaidi, ina kioo cha kuakisi tu, na bila kondensa lenzi ya mafuta ya mara 100 haiwezi kutenganisha vitu vidogo namna ile. Kwa mate ya mdomoni, kitunguu, mkojo, mayai ya minyoo, lava wa mbu na maji ya bahari inatosha kabisa. Kwa kumwandikia mgonjwa majibu, tumia hadubini ya kazini.

Jambo ninalotaka kila mwalimu wa sayansi alijue ni hesi, yaani mikato ya kufungia lenzi kama ya skrubu. Mwaka 1858 chama kile cha London kilikubaliana kwamba mafundi wote wakate hesi moja kwenye ncha ya mrija: upana wa inchi 0.8, yaani milimita 20.32, na meno 36 kwa inchi. Kabla ya hapo lenzi ya Ross haikuingia kwenye hadubini ya Smith. Kipimo kile kikaenea duniani, na hadubini nyingi za shule bado zinakitumia. Kazini tuna hadubini ya kisasa iliyokufa, taa imeungua na mkono umevunjika, inangoja kuandikwa kuwa chakavu. Kwa ruhusa ya msimamizi nikaazima lenzi zake za mara 10 na mara 40. Zote mbili ziliingia kwenye Beck kwa vidole viwili, hesi ikashika kuanzia mzunguko wa kwanza. Nilishikilia pale nikacheka peke yangu kwa furaha. Mafundi waliokubaliana kabla reli haijaanza kujengwa hapa Mombasa bado wanatimiza ahadi yao kwa lenzi iliyotengenezwa juzi.

Ukitaka kufanya hivyo, angalia lenzi imeandikwa 160. Hiyo imetengenezwa kwa mrija wa milimita 160, na mrija wa Beck ni mrefu zaidi, kwa hivyo ya mara 40 inaleta ukungu kidogo. Ukiusukuma ndani mrija wa kuvuta, ukungu unapungua sana. Lenzi yenye alama ya namba nane iliyolala, yaani isiyo na kikomo, iache hata kama hesi inaingia. Lenzi za jicho za kisasa hazitoshei, mrija wa Beck ni mpana kuzidi.

Kasoro. Kioo cha kuakisi kimebabuka zaidi ya nusu kwenye upande bapa. Upande uliobonyea ni mzima, nao ndio ninaoutumia. Gurudumu la marekebisho madogo lilikuwa legevu, taswira ikishuka yenyewe, mpaka fundi wa saa mmoja akanitengenezea springi mpya, na akakataa kuniambia bei mpaka aone imefanya kazi. Meno ya mrija yalikuwa yamegandwa na grisi ya kijani. Lenzi ya robo inchi ina nyuzi za kuvu pembezoni, na huo ndio ugonjwa mkubwa wa vioo vyote vya pwani: joto, unyevu, sanduku lililofungwa miaka. Na kuna aliyewahi kuusugua mguu kwa dawa ya kung'arishia shaba, akaondoa vanishi ya dhahabu na kuacha baka lile jeusi nililolitaja. Hilo halirudi.

Kwa hivyo ukinunua ya kwako, usiing'arishe. Rangi ile ya asali ni vanishi iliyopakwa kiwandani shaba ikiwa ya moto, na ndiyo inayoizuia isiliwe na hewa ya chumvi. Usiisafishe kwa spiriti kamwe, maana spiriti huyeyusha vanishi hiyo, na ikipenya ndani ya lenzi inaweza kuharibu utomvu wa mti wa Kanada uliotumika kugundisha vioo. Grisi ngumu mimi niliilainisha kwa mafuta ya taa kidogo kwenye kijiti cha meno. Lenzi nazipuliza vumbi kwanza, kisha pumzi ya mdomo na kitambaa safi cha pamba. Na sanduku silifungi. Hadubini inakaa kwenye kabati lenye balbu ndogo inayowaka mfululizo, njia ya zamani ya maabara za pwani, na kuvu haijasogea tena. Jua la moja kwa moja usiliweke kwenye kioo hata kwa sekunde, utapoteza jicho. Wingu jeupe ndilo taa bora.

Kuhusu bandia: zipo nyingi. Hadubini ndogo za shaba mpya zenye jina la London zinatengenezwa kwa ajili ya watalii, na ami mwenyewe anazo mbili rafu ya chini, anazitenga na kusema wazi ni mapambo. Dalili zake ni hizi. Herufi zimechapwa kwa mashine, hazikuchongwa. Shaba inang'aa kwa usawa kila mahali, hata ndani ya mrija, ambapo hadubini ya kweli imepakwa rangi nyeusi isiyoakisi mwanga. Lenzi ni kioo kimoja tu, ukiweka herufi ya gazeti inatoka na upinde wa mvua pembeni. Na hesi hailingani na kitu chochote duniani. Beba mfukoni lenzi moja ya hadubini ya shule ukienda dukani. Ikiingia, endelea kuongea na mwenye duka.

Watoto wa jirani wanaijua zaidi kwa mchanga. Chukua mchanga mweupe wa Nyali, usuuze chumvi, uukaushe, weka punje chache kwenye kikaratasi cheusi chini ya lenzi ya inchi 1, umulike kwa tochi ya simu kutoka juu. Kati ya vipande vya tumbawe na miiba ya urumbu wa baharini utakuta vifuko vya foraminifera, viumbe wa seli moja wanaojenga nyumba ya chokaa, vingine vimejisokota, vingine vina vyumba vilivyopangwa kwa mpangilio kamili, na kila kimoja ni kidogo kuliko kichwa cha pini. Mmoja wa watoto hao aliniuliza kama wale wadudu wanajua hesabu. Sasa kila Jumapili wananiletea mchanga kwenye vifuniko vya chupa: wa Likoni, wa Bamburi, wa Shanzu, na wanabishana upi una "nyumba" nyingi.

Kwa bei niliyolipa ungeweza kupata hadubini mpya ya wanafunzi yenye taa, na kwa shule inayohitaji vyombo kumi ningesema nunueni hizo. Kwa mtu mmoja anayependa kuangalia, na aliye tayari kutafuta fundi wa saa mwenye subira, Beck hii ni ununuzi mzuri, na huduma ya ami ni ya kupigiwa mfano. Bado anayo nyingine dukani, ya fundi mwingine wa London, kubwa na yenye kuvutia zaidi kwa macho, lakini vikopo vyake vya lenzi ni vitupu na bei ni ile ile 40,000. Nimemshauri ashushe. Ukienda, fungua vikopo kwanza.